Karatasi inasema mbili, mkono wangu unakumbuka tatu

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 33, muuguzi, nina mke mmoja na watoto wawili. Kwa sasa nipo Mbeya nasomea usingizi. Nikisema hivyo mtaani watu hucheka, wananiuliza kama kwenye mtihani tunakoroma. Ni yule mtu anayekuchoma ganzi au kukupa nusu kaputi kabla hujapasuliwa, halafu anakaa upande wa kichwa chako mpaka uamke. Kozi yetu ni ya mwaka mmoja na mimi nimebakiza miezi minne.

Kabla ya hapa nilifanya kazi miaka saba, wodini na leba, kwenye kituo cha afya upande wa Makete, kule ambako Julai unaamka unakuta sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi. Kituo chetu kilijengewa jengo la upasuaji katika ule mpango ulioanza kama mwaka 2017, wa kuwezesha vituo vya afya kuwapasua wajawazito wakati wa dharura. Jengo likapakwa rangi, kitanda kikaja, taa kubwa ikafungwa. Mtu wa usingizi hakuwepo. Mama akikwama bado tunampakia kwenye gari, na barabara yetu wakati wa masika unaijua mwenyewe. Mganga mfawidhi akaniita, akasema, "Wewe una mkono mwepesi, nenda ukasome." Baba aliuza ng'ombe. Siku ya kuondoka walinisindikiza mpaka stendi kama bibi harusi.

Shangazi, leba nilikuwa mtu, wakunga wadogo waliniuliza mambo. Hapa nilianza na taya. Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kuinua taya la mtu aliyelala ili ulimi usizibe njia ya hewa, mkono wa kushoto unabana kinyago usoni, wa kulia unabonyeza ambu, ule mfuko wa kumsukumia mtu hewa, mpaka dole gumba linakakamaa. Usiku nakokotoa dozi kwa kilo. Na kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, kina mlio. Oksijeni ikiwa nzuri mlio uko juu, ti, ti, ti. Ikishuka, sauti nayo inazama, inakuwa nzito. Mkufunzi alitufundisha kuusikiliza bila kutazama namba. Sasa nausikia kila mahali. Luku ya nyumba niliyopanga Ilomba ikilia kwamba umeme unaisha, nakuta nimeshaketi kitandani, moyo unadunda.

Ilianza usiku mmoja wa Julai, wiki tisa zilizopita, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kesi mbili zilifika pamoja. Msimamizi wa zamu mmoja, vyumba viwili. Mama niliyepewa mimi alikuwa mfupi sana, ananifika kifuani, mimba ya tatu, mapigo ya mtoto yanashuka. Msimamizi akamtazama, akaniambia, "Mpe mbili tu, huyu mfupi," akakimbilia chumba cha pili ambako kulikuwa na mtu anavuja damu.

Nikamkalisha mama, nikamwambia ajikunje kama jongoo. Sindano iliingia mara ya kwanza. Maji ya uti wa mgongo yakadondoka safi, nikajisikia raha, maana kuna siku unachoma mara nne hujaona hata tone. Bomba la dawa nilikuwa nimeshalivuta kabla msimamizi hajasema lolote: mililita tatu. Nilijua nitaishia kwenye mbili. Sikuishia. Daktari alikuwa anauliza, "Tayari?" Mkunga alikuwa anahesabu mapigo ya mtoto kwa sauti. Nilisukuma mpaka bomba likawa tupu.

Tukamlaza, nikamwekea kitenge kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili aegemee kushoto. Dakika ya tatu akasema vidole vya mikono vimekufa ganzi. Dakika ya nne presha ilikuwa 68 kwa 35. Akasema, "Kaka, sipumui," lakini sauti haikutoka, niliyasoma maneno kwenye midomo yake. Mlio ukaanza kuzama. 91. 86. Nikapiga kelele kuita msaada, nikachoma atropini na efedrini, nikaachia dripu yote, nikashika taya, nikaanza kumpumulia kwa ambu. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Nikamwambia, "Mama, ninayekupumulia ni mimi, usihangaike kuvuta." Daktari akamtoa mtoto, akalia. Msimamizi akafika, akampa mama dawa ya kumlaza kabisa, akapitisha mpira kooni. Kulipokucha mama alikuwa anapumua mwenyewe.

Kisha ikabaki karatasi ya usingizi. Pale penye kiasi cha dawa niliandika 2. Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Msimamizi alisema mbili, na kalamu ikaandika mbili.

Asubuhi msimamizi akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema huyu ndiye mtu wa kuachiwa chumba. Wakanipigia makofi. Siku ya pili nikapita wodini. Mama alikuwa ananyonyesha. Akaniambia wamemweleza kuwa mwili wake haupatani na sindano ya mgongo, asikubali kuchomwa tena maishani. Akanishika mkono, akafungua mfuko wake, akanipa maparachichi mawili. Nikayaweka dirishani kwangu. Yameiva, yameoza, sasa ni maganda meusi na kokwa. Sikuyala na siwezi kuyatupa.

Nikisema ukweli, msimamizi ataulizwa kwa nini alimwacha mwanafunzi peke yake. Ni mtu mwema, amenifundisha kila ninachokijua, na usiku ule hakuondoka kwa uzembe. Mimi naweza kurudishwa nyuma au kufukuzwa, na ng'ombe wa baba ameshaliwa. Nikinyamaza, baada ya miezi minne narudi Makete, ambako hakuna msimamizi hata wa chumba cha pili. Mke wangu naye anaona sipokei simu usiku. Juzi ameniuliza huyo mwanamke ni wa Mwanjelwa au wa Soweto, mitaa ya hapa Mbeya. Nimefikiria kuacha kozi nirudi leba, niwe yule wa zamani. Nifanyeje?

Mshika Taya, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Naomba nikurudishie barua yako kwa maneno yangu, nione kama nimekuelewa. Ulisukuma dawa zaidi ya ulivyoagizwa. Mama akaacha kupumua, ukampumulia, yeye na mtoto wakapona. Ukaandika namba isiyo ya kweli. Ukasifiwa kwa usiku huohuo. Sasa huwezi kulala, huwezi kusema, unaogopa kurudi nyumbani ukiwa peke yako, na mkeo anadhani umepata mwingine. Hayo ni mambo manne au matano, mwanangu, nawe umeyafunga kwa kamba moja, ndiyo maana mzigo haubebeki. Nitajaribu kuyafungua. Kukuhukumu siwezi, na wala si kazi ya safu hii.

Nianze na dawa yenyewe. Mimi si mtu wa hospitali, kwa hiyo nilimpigia simu mzee mmoja mstaafu wa kazi yako, aliyelaza watu miaka mingi huku Iringa na Mufindi. Sikumwambia wewe ni nani. Aliniuliza maswali ambayo nisingeyawaza: mama alikuwa na kimo gani, dawa ilisukumwa haraka au polepole, alikaa muda gani kabla ya kulazwa, kitanda kilikuwa kimeinama upande gani. Akasema kwa mjamzito mfupi hata mbili zinaweza kupanda mpaka kifuani, kwa sababu mimba kubwa huvimbisha mishipa ndani ya mgongo na kupunguza nafasi ya yale maji, hivyo dawa kidogo inafika mbali. Kisha akasema, na hili nalo nisilifiche, kwamba tatu kwa mama wa kimo kile ni nyingi na zinaongeza hatari.

Basi simama hapo kidogo. Barua yako ina uhakika ambao mzee wa kazi hakuwa nao. Wewe unasema tatu ndizo zilizomzimisha, yeye anasema yawezekana sana, na yawezekana pia angezimika kwa mbili. Sikuambii haya ili nikupake mafuta. Nakuambia kwa sababu unajihukumu kwa kosa ambalo ukubwa wake hujaupima na mtu yeyote anayejua kupima. Umelipima mwenyewe, usiku, ukisikiliza luku.

Nilimuuliza mzee kama ana neno la kukutumia. Alinipa moja tu: bomba libebe kile unachokusudia kutoa, si zaidi. Ukikusudia mbili, vuta mbili. Mkono uliochoka hausomi mistari, unasukuma mpaka mwisho. Alipomaliza kusema hivyo alinyamaza muda mrefu kwenye simu, nami sikumuuliza anaijuaje habari hiyo.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi kuliko dawa. Na mimi nilishamdanganya mtu wa usingizi, mwanangu. Zamani nilipasuliwa kidole tumbo. Akaja kijana mmoja na karatasi yake kama hiyo yako, akaniuliza nimekula nini na saa ngapi. Nikamwambia sijala tangu jana. Alfajiri ile nilikuwa nimekunywa chai na kiazi cha kuchemsha, na nilijua nikisema wataniahirisha, nami nilitaka yaishe. Sikujua kwamba ile saa sita bila chakula si adabu ya hospitali tu: mtu akishalazwa, koo halijilindi tena, chakula kinaweza kurudi na kuingia mapafuni. Nilitapika wakati naamka. Kijana alinigeuza ubavu, akaninyonya koo kwa mashine, nikapona. Baadaye alikuja kitandani, akaniuliza bila ukali, "Mama, ulikula nini?" Nikasema kiazi. Akatoa kalamu, akaandika. Hakunikaripia. Nakumbuka tu jinsi alivyokuwa makini kuandika kiazi.

Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipita haraka, na mimi ndipo niliposimama. Mama yule ameambiwa mwili wake haupatani na sindano ya mgongo. Wewe umeiweka pale kama kitu cha kukuongezea uchungu, kisha ukaenda kwenye maparachichi. Hebu irudie. Tuseme mwaka ujao au wa tatu kutoka sasa anapata mimba nyingine. Anafika hospitali nyingine, pengine Kyela, pengine Chunya, usiku, mtoto amekaa vibaya. Mtu wa usingizi anamkaribia na sindano, naye anasema, "Mimi hiyo haipatani nami, nusura iniue." Wakilitafuta faili wanakuta limeandikwa 2, dozi ya kawaida kabisa. Namba hiyo inathibitisha alichoambiwa: dawa kidogo tu ilimfanya hivi. Basi watampa nusu kaputi. Wewe unajua kuliko mimi kwa nini kwa mjamzito wengi huanza na ganzi ya mgongo pasipo na kizuizi: tumbo limejaa, koo limevimba, mpira unagoma kupita. Huyo mtu wa usingizi wa Kyela anaweza kuwa mwanafunzi kama wewe.

Umeniandikia kana kwamba siri hii ni kati yako na msimamizi wako. Mimi naona yuko mtu wa tatu, anatembea na habari isiyo sahihi kuhusu mgongo wake mwenyewe, na hajui. Sisemi kwamba kwa hiyo ni lazima ufanye hili au lile. Nasema tu kwamba ukiipima hofu yako, mweke na yeye kwenye mizani.

Njia zako ni zipi? Ya kwanza inayonijia ni kumwendea msimamizi mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Unasema unamlinda. Umemuuliza kama anataka kulindwa? Mtu wa siku nyingi kazini aliingia chumba kile, akakuta kichupa, akakuta bomba tupu. Inawezekana hakuangalia, maana alikuwa anaokoa mtu. Inawezekana pia aliona, na sifa zile za asubuhi zilikuwa njia yake ya kufunika jambo ambalo na yeye linamkosesha usingizi, kwamba alikuacha peke yako. Mimi sijui, wewe pia hujui. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuambia, "Achana nalo, yamekwisha." Hapo utakuwa na siri mbili badala ya moja, na utakaloamua baada ya hapo litakuwa kinyume cha neno lake. Jiulize kabla hujaenda: akisema hivyo, nitafanya nini?

Njia nyingine ni kwenda kwa mkuu wa kozi na kueleza, ikiwezekana kwa maandishi, na kuomba karatasi isahihishwe kwa namna inayoruhusiwa, ile ambayo walikufundisha tangu uuguzi: mstari mmoja juu ya kilichokosewa, kilichofutwa kiendelee kusomeka, kilicho sahihi kando yake, tarehe na sahihi yako. Usiende usiku kimyakimya kugeuza 2 iwe 3. Najua wazo hilo limeshakupitia, maana lingempitia yeyote. Hatari ya njia hii unaijua: unaweza kurudishwa nyuma miezi, unaweza kuhojiwa, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya nidhamu kwa mujibu wa sheria ya 2010. Siwezi kukuahidi watakavyolipokea. Ila vipo vikao vya hospitali vya kujadili wajawazito waliokufa au walioponea chupuchupu, na kanuni yake ni kutafuta sababu bila kutaja jina wala kunyoosheana kidole. Vingine vinafuata kanuni hiyo, vingine ni baraza la kumaliza visa. Wewe upo humo, unajua cha kwenu ni cha aina gani. Hili lifikirie pia: msimamizi mmoja kwa vyumba viwili si kosa lako wala lake, ni jambo ambalo kikao kama hicho ndicho kingepaswa kulisikia. Ukinyamaza kwa ajili yake, nalo linanyamaza.

Kunyamaza moja kwa moja nako ni njia. Wapo walionyamaza wakawa wataalamu wazuri, na sitakudanganya kwamba kila asiyesema huharibikiwa. Lakini wewe umekaa kimya wiki tisa, na ukimya huo umeshakula usingizi wako na simu za mkeo. Kama utachagua kunyamaza kuhusu namba, bado kuna njia ndogo katikati: mama yule anaweza kuelezwa na mtu mwenye cheo kwamba kilichompata ni dawa kupanda juu sana, si mwili wake kuikataa, na kwamba akija kujifungua tena amweleze mtu wa usingizi yote yaliyotokea. Nusu ya ukweli ina shida zake. Atauliza kwa nini ilipanda. Nani atajibu, na atajibu nini?

Kuhusu hofu, sasa. Umeandika kana kwamba hofu ni ushahidi kuwa hufai. Nina mashaka na hilo. Nimesoma kidogo juu ya wenzako wa mbali. Huko Marekani, mwanafunzi muuguzi wa usingizi hatakiwi kumaliza kabla hajashughulikia wagonjwa wasiopungua 600, na wanaoanza kozi tangu 2022 wote wanasoma mpaka ngazi ya udaktari wa taaluma, miaka mitatu hivi. Wewe una mwaka mmoja, kisha jengo lenye rangi mpya Makete. Kuogopa hapo naona ni hesabu sahihi. Kazi hii wauguzi wameibeba zamani sana. Alice Magaw, muuguzi wa mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, alichapisha mwaka 1906 taarifa ya watu zaidi ya 14,000 aliowalaza, wengi kwa etha, dawa ya usingizi ya wakati ule, bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na usingizi. Hesabu ile ilikuwa imeandikwa. Sikutajii kwa sababu ya sifuri yake. Naamini na yeye kuna usiku aliusikia mlio, ingawa mashine ya kulia ilikuwa haijazaliwa.

Kinachonitia wasiwasi mimi si hofu yako ila upweke unaoutarajia. Miezi minne ni mingi ya kutosha kuuliza maswali ambayo wanafunzi wengi huona aibu kuuliza. Je, unaweza kuomba kuongezwa wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kurudi, hasa kwa wajawazito? Nani kati ya wakufunzi atakubali upige simu saa nane usiku, na je, mtandao unashika ndani ya lile jengo au mpaka utoke uwanjani? Mashine ya oksijeni ya kituo inategemea umeme wa gridi, umeme ukikatika kuna nini? Ambu zipo ngapi, ya mtoto ipo? Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, iliyotolewa 2008, imebandikwa ukutani, na kuna mtu atakayeisoma kwa sauti wakati mkunga anapiga kelele na daktari anauliza "tayari"? Kuna muuguzi mmoja wa kumfundisha kushika taya ili wewe mikono yako ibaki huru?

Unaweza kumwandikia mganga mfawidhi kwamba hutaanza mpaka vitu fulani viwepo. Watu watasema umerudi na maringo ya mjini. Na siku moja mama atafika kabla ya hivyo vitu havijafika, damu inatoka, gari la wagonjwa liko Njombe, na utalazimika kuamua hapohapo. Hilo siwezi kukusaidia kutoka kwenye meza hii.

Na kuacha kozi, urudi leba? Unasema uwe yule wa zamani. Mtu yule wa zamani alikuwa hajawahi kumpumulia mtu aliye macho wazi. Ukirudi leba utakuwa huyu wa sasa, umesimama karibu na jengo la upasuaji lililofungwa, unapakia akina mama kwenye gari. Labda hilo utaliweza kuliko hili. Wapo wanaojua mpaka wao na kurudi nyuma kwa heshima. Nakuomba tu usiamue jambo hilo ukiwa na usingizi wa saa mbili kwa usiku. Wiki tisa za kushtuka na kusikia mlio usiokuwepo ni muda wa kutosha kumwona mtu wa afya ya akili. Hospitali unazozungukia kwa mafunzo zina watu hao, na kama unaona haya kuonekana kwenye foleni na watu wa darasa lako, nenda kwenye hospitali nyingine. Wewe ni muuguzi, ungemwambia mgonjwa wako hivyohivyo.

Nimeona pia kwamba katika barua nzima umemtaja mkeo mwishoni, kwa sentensi mbili, kama deni dogo la dukani. Yeye ameuliza swali: Mwanjelwa au Soweto. Huenda si sahihi kumweleza mambo ya mgonjwa, na hilo uko sawa kulilinda. Lakini unaweza kumwambia jambo lililotokea kwako bila kumtaja mama wala hospitali. Hatari ni kwamba atalia, au atamwambia baba yako, au atakuambia rudi nyumbani kesho. Nyingine ni kwamba atanyamaza, nawe hutajua amefikiria nini. Hata hivyo, kwa sasa anajilaza kila usiku akimfikiria mwanamke ambaye hayupo.

Mpigie mchana, kabla hujaingia zamu, sauti yako ikiwa bado yako. Amekuuliza mtaa, mjibu mtaa: ni Ilomba, chumba kimoja, luku inayolia usiku. Na hayo maganda yatoe dirishani, yataleta nzi. Ukishazungumza na mtu, yeyote utakayeanza naye, niandikie uniambie ulianza na nani.

Shangazi yako.